Rejeta ya Ukubwa Gani? Somo la Kupoza Kompyuta Kabla Hatujatumia Michango



Katika mkutano mkuu ujao wanachama mtaulizwa swali moja ambalo kwa wengi wenu litaonekana dogo: kompyuta mpya ya chumba chetu cha video inunuliwe kipozaji gani? Mhitimu wetu mmoja ametuachia prosesa ya Ryzen 9 7950X pamoja na kadi ya grafiki. Kasha tunalo, na vifaa vingine vimepatikana. Kilichobaki ni kipozaji, na fedha zake zitatoka kwenye michango ya kila mwezi. Kwenye kamati maoni yamegawanyika. Wapo wanaotaka rejeta ya milimita 360 kwa hoja kwamba kubwa ndiyo bora. Wapo wanaotaka ya 120 kwa sababu ni rahisi kwa bei. Mimi ninasoma uhandisi wa mitambo, nikaombwa nitoe ushauri. Niliona ni heri niandike somo zima, ili kila mwanachama aje mkutanoni akiwa na uwezo wa kupima mwenyewe.

Dada Mhazini aliniuliza swali ambalo ndilo msingi wa makala hii. Alisema, "Kaka, hiyo tofauti ya bei kati ya kubwa na ndogo tunainunulia nini hasa?" Hilo ni swali la haki. Fedha ya watu ni amana, na jibu la "kubwa ni bora" halitoshi.

Joto linakwenda wapi?

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Maji ndani ya kipozaji hayaondoi joto kwenye chumba. Kazi yake ni kulibeba tu. Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Bamba la shaba lililokaa juu yake hulipokea joto hilo, pampu husukuma maji yapite kwenye bamba, kisha maji hupitia kwenye mipira hadi kwenye rejeta. Huko joto hutoka kwenye maji na kuingia kwenye mapezi membamba, na feni hupuliza hewa ili ilichukue. Mwisho wa safari ni hewa ya chumba. Kipozaji cha maji na kipozaji cha hewa cha kawaida vyote hufikia mwisho huo huo. Tofauti ni kwamba maji hutuwezesha kulihamisha joto hadi mahali penye nafasi ya mapezi mengi zaidi.

Aliyewahi kufungua boneti ya teksi anaujua mpangilio huu. Injini iko pale, rejeta iko mbele, kati yao kuna mipira ya maji, na feni inavuta hewa. Kompyuta imeiga jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo. Si jambo geni pia: mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyokuwa ikipozwa kwa maji, na mwaka 2009 Corsair walitoa H50, kipozaji kilichofungwa kiwandani chenye rejeta ya milimita 120, kilichotengenezwa na kampuni ya Asetek ya Denmark.

Je, maji yana faida gani basi? Yana uwezo mkubwa wa kubeba joto. Kilo moja ya maji huhitaji takriban juli 4,186 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi, wakati kilo moja ya hewa huhitaji juli 1,005 hivi. Lakini tusidanganyike na wingi huo. Tuseme kipozaji kina gramu 300 za maji. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunataka juli 1,256. Prosesa yenye kutoa wati 230, yaani juli 230 kwa kila sekunde, itafanya hivyo kwa sekunde tano na nusu. Kama rejeta isingeondoa chochote, maji yangepanda nyuzi 20 kabla dakika mbili hazijatimia. Kwa hiyo maji hutupa muda mfupi wa ahueni, lakini kazi ya dakika 40, kama kutoa video ya mhadhara mzima, huamuliwa na rejeta na feni.

Wati za lebo na wati za kweli

Kabla ya kuchagua rejeta lazima ujue ni joto kiasi gani litakalozalishwa. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na lebo. Prosesa huandikwa namba inayoitwa TDP, na watu huichukua kama kiwango cha juu kabisa cha umeme. Sivyo ilivyo.

Kwa prosesa za Ryzen zinazokaa kwenye soketi za AM4 na AM5, kikomo halisi cha umeme kwa kawaida ni TDP mara 1.35. Kikomo hicho huitwa PPT. Tazama:

- TDP wati 65: kikomo ni takriban wati 88.
- TDP wati 105: kikomo ni takriban wati 142.
- TDP wati 120: kikomo ni takriban wati 162.
- TDP wati 170: kikomo ni takriban wati 230.

Ryzen 9 7950X yetu ni ya kundi la mwisho. Lebo inasema 170, lakini ikipewa kazi nzito ya viini vyote 16 inaweza kufika 230.

Kwa upande wa Intel, kampuni yenyewe huandika namba mbili. Core i5-12400 ina wati 65 za msingi na wati 117 za juu. Core i9-13900K ina wati 125 za msingi na wati 253 za juu. Ukipanga kipozaji kwa namba ya kwanza, mashine itaanza kujipunguzia kasi pale tu kazi inapokuwa nzito, yaani pale unapoihitaji zaidi.

Namba 120, 240, 280 na 360 zina maana gani?

Namba hizi hazielezi urefu kamili wa rejeta. Zinaeleza feni zinazoingia juu yake. Rejeta ya 120 hubeba feni moja ya milimita 120, ya 240 hubeba mbili, na ya 360 hubeba tatu. Rejeta ya 140 hubeba feni moja ya milimita 140, ya 280 hubeba mbili, na ya 420 hubeba tatu.

Sasa tupige hesabu ya eneo. Feni ya milimita 120 inafunika mraba wa sentimita 12 kwa 12, yaani sentimita za mraba 144. Feni ya 140 inafunika 14 kwa 14, yaani 196. Kwa hiyo:

- Rejeta ya 120: sentimita za mraba 144.
- Rejeta ya 140: 196.
- Rejeta ya 240: 288.
- Rejeta ya 280: 392.
- Rejeta ya 360: 432.
- Rejeta ya 420: 588.

Soma orodha hiyo polepole. Mtu akisikia 240, 280 na 360 hudhani kwamba 280 iko karibu na 240. Kwa jina, ni kweli. Kwa eneo, si kweli. Rejeta ya 280 inaizidi ya 240 kwa asilimia 36, na inafikia asilimia 90 hivi ya rejeta ya 360. Kwenye kamati hatukuwa tumelizungumzia jambo hili hata mara moja, kwa sababu mjadala ulikuwa kati ya 360 na 120 tu.

Hesabu ya kukadiria

Mafundi wanaounda mashine hizi wana kanuni ya mkono: kila nafasi ya feni ya milimita 120, feni zikizunguka kwa kasi ya wastani, huondoa takriban wati 100 wakati maji yamezidi hewa kwa nyuzi 10. Hii si sheria ya fizikia. Unene wa rejeta, msongamano wa mapezi na kasi ya feni vyote huibadilisha. Lakini inatosha kulinganisha ukubwa mmoja na mwingine. Kanuni inayokwenda nayo ni hii: wati zikiongezeka maradufu, tofauti ya joto kati ya maji na hewa nayo huongezeka maradufu, eneo likiongezeka maradufu, tofauti hiyo hupungua kwa nusu.

Tuweke wati 230 za prosesa yetu. Kwa rejeta ya 120, maji yatazidi hewa kwa nyuzi 23. Kwa 240, nyuzi 11.5. Kwa 280, nyuzi 8.5. Kwa 360, nyuzi 7.7.

Sasa tuongeze jambo la hapa kwetu, ambalo maelekezo ya nje hayalitaji. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Kwa joto lile lile la nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.18 hivi, na ya hapa kilo 1.03 hivi. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile husogeza ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu kwa asilimia 13 hivi. Ili kubeba wati 230 huku hewa ikipanda nyuzi 10, pwani unahitaji takriban mita za ujazo 70 kwa saa, na hapa unahitaji kama 80. Wenzetu wa Kigali, walio juu zaidi, wanahitaji zaidi kidogo. Wa Mombasa wasifurahi mapema, maana hewa yao nzito pia ina joto zaidi, na kila nyuzi moja ya joto la chumba huongezeka moja kwa moja kwenye joto la maji.

Kwa tahadhari, tuongeze asilimia 15 kwenye tofauti zetu. Chumba chetu cha video madirisha yake hufungwa kwa sababu ya vumbi na usalama, basi tukadirie hewa yake ni nyuzi 30 mashine ikiwa kazini. Tunapata joto la maji kama ifuatavyo:

- Rejeta ya 120: nyuzi 56.
- Rejeta ya 240: nyuzi 43.
- Rejeta ya 280: nyuzi 40.
- Rejeta ya 360: nyuzi 39.

Watengenezaji wengi wa vipozaji vilivyofungwa kiwandani hawapendi maji yavuke nyuzi 60, kwa ajili ya afya ya pampu na mipira. Rejeta ya 120 iko karibu mno na mpaka huo. Chumba kikipanda hadi nyuzi 35 mchana wa kiangazi, imeuvuka. Kwa hiyo wanaoitaka kwa sababu ya bei wajue kwamba kwa prosesa hii si akiba. Lakini tazama pia upande wa pili. Kutoka 240 kwenda 360 unapata nyuzi nne. Kutoka 280 kwenda 360 unapata nyuzi moja.

Kwa nini rejeta kubwa haimalizi tatizo

Kuna mtu atauliza: mbona nikiweka rejeta kubwa bado prosesa inasoma nyuzi 90 na kitu? Jibu ni kwamba joto lina vizuizi njiani, na rejeta ni kizuizi kimoja tu. Kabla joto halijafika kwenye maji, lazima litoke kwenye vipande vidogo vya silikoni, lipite kwenye kifuniko cha chuma, lipite kwenye pesti inayopakwa katikati, kisha liingie kwenye bamba la shaba. Kwenye 7950X viini vyote 16 vimo ndani ya vipande viwili, kila kimoja kikiwa na eneo la milimita za mraba 70 hivi. Hebu fikiria wati nyingi kiasi hicho zinazotoka mahali padogo kuliko kucha ya dole gumba. Foleni ya magari ikiwa darajani, kupanua barabara ya ng'ambo hakusaidii sana.

Zaidi ya hapo, AMD walizipanga prosesa za kizazi hiki zipande kasi mpaka zifike nyuzi 95, kisha zibaki hapo. Namba 95 kwenye kioo wakati wa kazi nzito si dalili ya hatari kwa prosesa hii. Ukiipa kipozaji bora zaidi, huenda bado ikasoma 95, ila ikiwa na kasi kubwa kidogo. Kwa hiyo asiyejua jambo hili anaweza kununua 360, akaona namba haijashuka, akarudi dukani kutafuta 420.

Njia ya kupunguza joto kwenye chanzo

Kuna dawa isiyogharimu hata shilingi. Kwenye mipangilio ya BIOS ya ubao mama za AMD kuna hali iitwayo Eco Mode. Ukiiweka kwenye kiwango cha wati 105, kikomo cha 7950X kinashuka kutoka 230 hadi 142. Umeme unapungua kwa asilimia 38, lakini kazi haipungui kwa kiwango hicho, kwa sababu zile wati za mwisho ndizo zinazoleta nyongeza ndogo zaidi ya kasi. Video iliyokuwa imalizike kabla ya Alasiri itamalizika baadaye kidogo, si kesho.

Piga tena hesabu kwa wati 142, pamoja na nyongeza yetu ya asilimia 15. Rejeta ya 240 inapata maji ya nyuzi 38. Ya 280 inapata nyuzi 36. Yaani rejeta ya 240 yenye Eco Mode ina maji baridi kidogo kuliko rejeta ya 360 isiyo nayo. Nasisitiza jambo hili kwa wanachama wenye kompyuta zao binafsi mabwenini: kabla hujanunua rejeta kubwa zaidi, punguza wati kwanza, kisha pima.

Na kwa mwenye prosesa ya wati 65, kama Ryzen 5 7600 au Core i5-12400, sioni haja ya kipozaji cha maji kabisa. Kipozaji kizuri cha hewa chenye mabomba ya shaba kinatosha, hakina pampu ya kufa wala maji ya kupungua, na kinachoweza kuharibika ni feni ambayo hubadilishwa kwa dakika kumi. Kwa mashine yetu nililifikiria hilo pia. Vipozaji vikubwa vya hewa vinaweza kuhimili, lakini kimoja kinachosifiwa sana, Noctua NH-D15, kina kimo cha milimita 165, na kasha letu linapokea kimo cha milimita 160 tu.

Je, itaingia?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hununua kwa jina, akifika nyumbani haingii. Pima mambo matano kwa rula kabla ya kwenda dukani.

Kwanza, urefu. Rejeta ina matangi madogo kwenye ncha zake, hivyo ni ndefu kuliko jina. Ya 240 huwa na urefu wa kama milimita 275, ya 280 kama 315, na ya 360 kama 395.

Pili, unene. Nyingi zina unene wa milimita 27, na feni ina 25, jumla 52. Zipo nene zaidi: za Arctic Liquid Freezer zina unene wa milimita 38, na zikiwekewa feni zinafika 63. Ukiweka rejeta juu ya kasha, hakikisha haigongani na RAM ndefu wala vyuma vya kupozea vya ubao mama.

Tatu, upana. Ya 280 ni pana kuliko ya 240 kwa milimita 20, na makasha membamba huikataa hata kama urefu upo.

Nne, kadi ya grafiki. Rejeta ikikaa mbele inakula nafasi ya kadi. Kasha letu lina milimita 360 kutoka fremu ya mbele hadi nyuma. Ukitoa 52 zinabaki 308. Kadi yetu ina 300. Inaingia, kwa nafasi ya milimita nane.

Tano, mahali pa pampu. Ndani ya kila kipozaji kuna hewa kidogo, na hewa hupanda juu. Pampu ikiwa ndiyo sehemu ya juu kabisa, hewa itakusanyika humo, itapiga kelele na kuchakaa mapema. Ncha ya juu ya rejeta lazima iwe juu kuliko pampu. Rejeta ikikaa juu ya kasha sharti hili linatimia lenyewe. Ikikaa mbele, ipandishe kadiri inavyowezekana.

Kuna swali la kuchagua kati ya juu na mbele. Ikikaa mbele inavuta hewa ya chumba, kwa hiyo prosesa inapoa vizuri, lakini kadi ya grafiki inapokea hewa iliyokwisha pata joto. Ikikaa juu inatoa hewa nje, lakini hewa hiyo imepita kwanza kwenye kadi. Kazi yetu ni video, na prosesa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo napendelea mbele.

Kelele

Dada Mhazini aliuliza tofauti ya bei inanunua nini. Nyuzi ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni utulivu. Rejeta ndogo inaweza kufanya kazi ya kubwa ikiwa feni zake zitazunguka kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo kelele. Feni ya milimita 140 husogeza hewa nyingi kwa mizunguko michache kuliko ya 120. Chumba chetu ndicho hicho hicho tunachorekodia sauti, na ukuta mmoja tu unakitenganisha na wanaojisomea. Kwenye kompyuta ya mtu anayecheza michezo akiwa na vidude vya masikioni, kelele si hoja. Kwetu ni hoja.

Matunzo

Kipozaji chochote tutakachonunua kitahitaji mtu wa kukitunza. Vumbi jekundu la kiangazi huziba mapezi, na rejeta ya 360 iliyoziba ni mbaya kuliko ya 240 iliyo safi. Napendekeza kichujio cha mbele kisafishwe kila mwezi, na rejeta ipulizwe kwa hewa mwanzoni mwa kila muhula, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke. Asijaribu mtu kufungua na kuongeza maji ya bomba. Bamba ni la shaba na rejeta nyingi ni za alumini. Kimiminika cha kiwandani kina dawa ya kuzuia metali hizi mbili zisilane, na maji ya bomba hayana. Maji pia hupungua kidogo kidogo kwa kupenya kwenye mipira miaka inapopita, kwa hiyo angalia dhamana. Nyingi nzuri hutolewa miaka mitano au zaidi. Risiti ihifadhiwe na Mhazini, si mfukoni mwa aliyetumwa dukani.

Ushauri wangu kwa mkutano

Rejeta ya 120 naikataa, kwa sababu haina nafasi ya usalama kwa prosesa hii. Rejeta ya 360 ni nzuri, lakini kwa urefu wake wa milimita 395 tutalazimika kuondoa kizimba cha diski, na diski hizo ndizo zenye mihadhara yote tuliyorekodi. Kwa kulipia nyuzi moja zaidi ya ile ya 280, sioni sababu. Rejeta ya 240 inatosha ikiwa tutakubali Eco Mode na kelele kidogo zaidi.

Napendekeza ya 280, ikae mbele, pamoja na Eco Mode ya wati 105 kwa kazi za kila siku. Inaingia bila kugusa kizimba, ina eneo linalokaribia la 360, na feni zake zinakwenda polepole. Tofauti ya bei kati yake na ya 360 iende kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna rejeta itakayotusaidia.

Maswali ya kujipima

1. Rafiki yako ana Ryzen yenye TDP ya wati 120. Anaishi Kampala na anataka maji yasizidi hewa kwa zaidi ya nyuzi 10. Je, rejeta ya 240 inamtosha?
2. Kasha lina milimita 60 kati ya paa na RAM. Je, rejeta ya unene wa 38 yenye feni za 25 itaingia?
3. Mwanachama ana prosesa yenye kikomo cha wati 88 na anaulizia rejeta ya 360. Utamshauri nini?

Majibu: (1) Ndiyo. Kikomo ni wati 162. Kwa 240 tofauti ni nyuzi 8.1, na ukiongeza asilimia 15 ni 9.3. (2) Hapana. Jumla ni 63. Atafute ya 27, yenye jumla ya 52. (3) Anunue kipozaji cha hewa, na akiba aiweke kwenye RAM au diski.

Mwenye hesabu tofauti na zangu aje nayo mkutanoni, tuipige ubaoni mbele ya wote. Wabillahi tawfiq.